Mikanda Miwili ya Sista Rael

Kila Jumapili nikitoka kanisani hapa Sosiot, lazima kijana mmoja anifuate mpaka getini na simu mkononi. Swali ni lile lile. "Mzee, gari yangu imefikisha kilomita za kubadilisha belti ya taimingi. Nifanye mwenyewe ama nipeleke kwa fundi?" Kabla sijafungua mdomo, ameshanionyesha video ya mzungu mwenye mikono safi anayemaliza kazi ya siku nzima kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mimi hutazama mikono ya yule mzungu, nikatazama kucha za kijana mwenyewe, ndefu kama za karani, kisha nikamwomba Mungu anipe subira.

Leo nawajibu nyote kwa pamoja, kwa maandishi, ili Jumapili nipumzike. Nilikuwa fundi wa magari miaka yangu yote ya nguvu, kwanza katika karakana ya shamba moja la chai, halafu katika gereji yangu mwenyewe nje kidogo ya mji wa Kericho. Mzee Koech, ndiye mimi. Gereji sina tena. Mkisikiliza vizuri mtajua kwa nini, ingawa kusikiliza si kazi mnayoiweza sana. Hata mimi sikuiweza.

Kwanza mjue mnauliza kuhusu nini. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka. Juu yake kuna vali zinazofunguka na kujifunga. Mkanda wa taimingi ni mpira wenye meno unaounganisha mambo ya chini na mambo ya juu, ili vali ikishuka pistoni iwe imeshaondoka. Ukikatika gari likiwa mbioni, pistoni inapanda na kukuta vali bado imeshuka. Zinagongana, vali zinapinda, na injini iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa ya kuuzia watu wa vyuma. Si injini zote ziko hivyo, lakini nyingi mlizo nazo ziko hivyo, na hamjui yako ni ipi. Mkanda wa feni hulia kama nguruwe kabla ya kukatika. Mkanda wa taimingi hauna adabu hiyo. Umekaa ndani ya kifuniko chake, haulii, hauonekani, na ndiyo maana mwizi anaupenda.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mjaluo mmoja, Fundi Okelo, aliyetoka kando ya ziwa kuja kufanya kazi shambani akiwa kijana na akazeekea hapo. Maneno yake yalikuwa machache na mengi ya hayo yalikuwa matusi. "Koech," aliniambia wiki ya kwanza, "una mikono miwili na hakuna hata mmoja unaofikiri."

Alikuwa na sheria moja kuhusu mkanda huu. Ukishaufunga, usiguse ufunguo wa gari. Weka spana kwenye bolti ya puli ya chini na uzungushe injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kisha uangalie kama alama zimerudi mahali pake. Kama kuna kitu kinagusana, mkono utakusimamisha. Stata haisimami, inavunja.

Mimi siku moja nilikuwa na haraka. Timu yetu ya karakana ilikuwa inacheza na timu ya kiwandani, na mimi ndiye niliyekuwa kipa. Nikafunga mkanda wa gari la meneja, nikaona alama ziko karibu karibu, nikawasha. Sauti ile sijaisahau. Ni kama mtu anavunja vijiko ndani ya sufuria. Okelo alikuja polepole, akatazama, akaniuliza, "Timu ilishinda?" Nikamwambia mechi haijaanza. "Basi nenda ukacheze," akasema. "Hapa umeshafungwa."

Nilitoa silinda hedi, kile kichwa cha injini, peke yangu, nikaweka vali mpya na kuzisaga moja moja, na mwezi mzima alinilazimisha kutembea na vali moja iliyopinda ndani ya mfuko wa ovaroli. Kila aliponiona nanyanyua spana alisema, "Iko?" Nami nilijibu, "Iko, Fundi."

Mtu mwenye akili angejifunza unyenyekevu hapo. Mimi nilichukua ukali wa Okelo na nikaacha uangalifu wake.

Nilipofungua gereji yangu, nilikuwa tayari najua kwamba dunia ina watu wa aina mbili, mafundi na wapumbavu. Na sikukosa ushahidi. Kulikuwa na shemasi aliyesikia kwamba mkanda ukikauka unapasuka, akafungua kifuniko na kuupaka grisi vizuri, kama anayempaka mtoto mafuta. Mkanda ukala grisi, ukavimba, ukaruka meno. Kulikuwa na kijana mpima mashamba aliyeniletea injini yake ndani ya beseni la kuogea, bolti zote zimechanganyika na vibanio vya nguo, akaniuliza kama nitamaliza kabla ya saa kumi. Sikuwacheka mbele yao. Nilingoja watoke, kisha nikawaigiza kwa sauti, na gereji nzima ikashika mbavu.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Wesley, msimamizi wangu. Wesley alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wa sekondari, na nilikuwa nimemfundisha mwenyewe tangu aliposhika spana ya kwanza. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Miaka ya mwisho magoti yangu yalipoanza kunisumbua, yeye ndiye aliyefanya kazi zote za mikanda, na mimi nikabaki mezani kuweka sahihi kwenye kikaratasi kinachobandikwa chini ya boneti: kazi imefanywa, kilomita kadhaa, Koech. Nilikuwa nasikiliza injini ikiunguruma, nakubali kwa kichwa, naweka sahihi. Mkanda mpya na mkanda mzee ina sauti moja. Nilijua hivyo tangu wakati wa Okelo, na bado nilikuwa nikisikiliza.

Sasa aje Sista Rael.

Alikuwa muuguzi wa zahanati moja upande wa Ndanai, mjane, na gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la zamani, aliloachiwa na marehemu mumewe. Gari lile lilibeba akina mama waliobanwa na uchungu wakati ambulansi haipatikani, kwa hiyo lilijulikana kule kuliko gari la mbunge. Alikuja gerejini alasiri moja, mvua yetu ya mawe ndiyo kwanza imekatika, kwa miguu kutoka stendi, viatu vimejaa matope. Mkononi alikuwa na karatasi yenye mchoro wa kalamu.

"Habari ya kazi, Mzee."

"Nzuri, Sista. Gari iko wapi?"

"Iko nyumbani, nimeifungua. Nabadilisha belti ya taimingi mwenyewe. Nina swali moja tu." Akaiweka karatasi mezani. "Alama ya juu imekaa sawa, ya chini imepita kidogo. Ni jino moja nimekosea, ama ni vile ninaangalia kwa pembeni?"

Nataka mjue kwamba lilikuwa swali zuri. Nina miaka mingi ya kuulizwa maswali na lile lilikuwa swali la fundi. Lakini mimi nilimwona mwanamke mwenye sweta ya hospitali, na gereji nzima ilikuwa imesimama kungoja niseme neno.

"Sista," nikasema, "mimi nikija zahanati na sindano yangu nikuulize nidunge wapi, utanionyesha?"

Wakaangua kicheko. Wesley aliweka spana chini ili acheke vizuri.

"Ukija na swali zuri nitakujibu," Sista akasema. Hakuwa amekasirika. "Lakini sikia, Mzee. Hii gari ililetwa hapa mwaka jana. Belti ilibadilishwa hapa hapa. Sasa nilipofungua kifuniko juzi nikaona—"

"Kama ilibadilishwa hapa, unafungua nini?" nikamkata. "Unatafuta makosa ama unatafuta kazi? Wesley, kuna ovaroli ya saizi ya Sista?"

Wakacheka tena. Yeye alinitazama jinsi wauguzi wanavyomtazama mgonjwa anayetema dawa. Akaikunja karatasi yake, akaitia mkobani, akarudi kwenye matope. Niliona kwamba mara ya pili Wesley hakucheka. Niliona, nikaendelea na chai yangu.

Siku nne baadaye tukapata habari kwamba Chumo amepinduka.

Chumo alikuwa msafirishaji wa maziwa kule Londiani, mteja wetu wa tangu zamani, mwenye pikapu ya dizeli. Asubuhi, akiteremka na mitungi imejaa, injini ilizima ghafla. Kwenye pikapu ile, injini ikizima usukani unakuwa mzito na breki zinakufa baada ya kukanyaga mara moja au mbili. Mbele yake, kando ya barabara, kulikuwa na wanawake wameweka magunia ya viazi wakisubiri wanunuzi. Chumo alivutana na usukani ule na kulipeleka gari kwenye ukingo wa upande wa pili. Wanawake walisalimika. Yeye alivunjika mguu chini ya goti, na maziwa yakatiririka barabarani mpaka mbwa wa Londiani wakashiba.

Habari zilinikuta mezani, kikombe mkononi. Wateja walikuwepo, watu wa mji walikuwepo. Wakaniuliza, wewe fundi unaonaje?

"Dereva," nikasema. "Hawa watu wa maziwa huzima injini kwenye mteremko ili waokoe dizeli. Amevuna alichopanda."

Nilisema hivyo kuhusu mtu aliyekuwa amelazwa hospitalini, mguu umevunjika. Sikuwa nimeona gari, sikuwa nimeuliza mtu. Na kwa kuwa ni Mzee Koech aliyesema, maneno yakapanda barabara haraka kuliko gari lolote nililowahi kutengeneza. Jioni hiyo hiyo soko zima la Londiani lilikuwa linajua kwamba Chumo alikaribia kuua wanawake kwa sababu ya ubahili.

Wiki iliyofuata Sista Rael akarudi. Safari hii alikuja akiendesha. Nililisikia gari likiingia getini, injini imetulia, haikohoi. Alizima, akashuka, akaja moja kwa moja mezani kwangu na mfuko wa nailoni. Akatoa mikanda miwili ya taimingi na kuilaza mbele yangu, mmoja kando ya mwingine.

"Huu," akasema akigusa wa kwanza, "mlinipa mwaka jana. Wesley aliniambia ndio umetoka kwa gari yangu, niuweke ushahidi. Nikauweka. Na huu mwingine ndio nimeutoa kwa gari yangu mwenyewe, kabla sijaja kukuuliza. Pima."

Sikuwa na haja ya kupima. Wa kwanza ulikuwa mpana, wa pikapu fulani ya dizeli, uliookotwa kwenye boksi letu la mikanda ya kutupa. Usingeingia kwenye gari lake hata ungelia. Wa pili ulikuwa mwembamba, wa gari kama lake, na mgongo wake wote ulikuwa umepasuka nyufa kama kisigino cha mchuma chai. Maandishi ya kiwandani yalikuwa yamefutika. Mkanda ule ulikuwa mzee kuliko baadhi yenu.

"Na hii," Sista akasema, akiweka kikaratasi alichobandua chini ya boneti, "imeandikwa belti mpya. Sahihi ni yako, Mzee. Mwaka mzima nimebeba akina mama na hiyo sahihi."

Nikauliza la kipumbavu. "Na lile jino? Ulifanyaje?"

"Nilizungusha kwa mkono kabla ya kuwasha. Pahali fulani kukawa na kizuizi kidogo. Nikasimama, nikatoa mkanda, nikaanza upya."

Nikamwomba anionyeshe. Alifungua boneti bila kujivuna. Alikuwa ameipa kazi ile Jumamosi tatu. Kabla ya kutoa chochote alikuwa amepiga picha, na amechora kila alama kwa rangi ya kucha, nyekundu juu, nyekundu chini, mahali ambapo mafundi wangu hukwaruza kwa bisibisi. Kila bolti aliichomeka kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio ule ule alioitolea. Bolti ya puli ilipokataa kufunguka hakuipiga nyundo. Aliazima bomba refu kwa jirani akaliongeza kwenye spana. Alibadilisha pampu ya maji, ambayo kuvuja kwake ndiko kulikomfanya afungue kifuniko, na ile puli ndogo inayokaza mkanda pia, kwa sababu ni ujinga kufungua mlango ule na kuacha vya zamani ndani. Nilitafuta kosa kwa macho ya miaka yote ile. Sikupata.

Akafunga boneti. "Nilikuja kuuliza kwa heshima," akasema. "Ungenisikia mpaka mwisho, ungejua siku ile ile." Akaondoka.

Nilimwita Wesley ndani, nikafunga mlango. Mikanda ilikuwa bado mezani. Aliitazama, akavuta kiti, akakaa bila kuambiwa.

"Magari mangapi?" nikamuuliza.

"Sikuwa nahesabu."

"Kwa nini, Wesley? Mikono kama hiyo!"

"Belti mpya ina soko, Mzee. Na ya zamani inaendelea kutembea. Nikiipangusa kwa kitambaa, nani atajua?" Akanitazama usoni, hakuwa na aibu hata kidogo. "Wewe ndiye ulinifundisha mteja hajui kitu. Kila siku tuliwacheka hapa. Mtu ambaye unamcheka hivyo, kumwibia ni hatua ngapi?"

Nilimwinulia mkono. Sikumpiga. Mkono ulibaki hewani kama wa polisi wa trafiki, kwa sababu swali jingine lilikuwa limenijia.

"Pikapu ya Chumo?"

Hapo ndipo alipoinamisha macho.

Nilipanda Londiani siku hiyo hiyo. Pikapu ilikuwa imevutwa mpaka nyumbani kwa Chumo na kuegeshwa chini ya mti wa saipresi, upande mmoja umebonyea. Mke wake, Grace, alinifungulia geti bila kuuliza nimefuata nini. Alidhani nimekuja kumwona mgonjwa. Nikamwomba dakika chache na gari. Nilitoa kifuniko cha taimingi, na mkanda ukamwagika mkononi mwangu vipande vipande, mweusi, umelika, umekauka. Chini ya boneti kulikuwa na kikaratasi. Sitawaambia sahihi ilikuwa ya nani.

Chumo alikuwa amesharuhusiwa kutoka hospitalini, amelala kwenye kochi, mguu wote ndani ya plasta. Grace akanimiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kwenye kikombe. Nilikishika tu. Nikamweleza yote tangu mwanzo: Sista, mikanda, Wesley, sahihi. Hakunikatiza. Aliweza kusikiliza, yule.

"Nilikanyaga breki ikawa kama nimekanyaga jiwe," akasema mwishowe. "Nilimwambia mke wangu, Grace, haikuwa uzembe. Akaniambia soko lote linasema nilizima gari niokoe mafuta. Hata hao mama wa viazi hawajanisalimia. Nani alianza hayo maneno?"

Ningeweza kusema sijui. Grace alikuwa amesimama mlangoni, ananingoja.

"Ni mimi," nikasema.

Nikaweka kikombe chini. Nikaanza kuomba msamaha, Chumo akainua kiganja.

"Hapana. Usiniombe hapa ndani, mimi na wewe na kochi. Ulisema mbele ya watu. Nenda ukaseme mbele ya watu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda mahali wanapokusanyia maziwa, wakati foleni imejaa. Nilisimama kwenye kreti. Mimi, ambaye nilikuwa nikiigiza watu gerejini, nilijiigiza mwenyewe: nilivyokaa, nilivyoshika kikombe, nilivyosema dereva. Niliwaambia mkanda ulikuwa mzee, sahihi ilikuwa yangu, na Chumo ndiye sababu wale wanawake wako hai. Nilitarajia watu watulie kwa heshima, kama mnavyoona kwenye sinema zenu. Bibi mmoja mwenye viazi alisema kwa sauti, "Na sasa hiyo gari itatengenezwa na nani? Na huyu tena?" Foleni nzima ikacheka. Kicheko kile nilikijua vizuri. Nilikuwa nimekitengeneza mimi, sikuwahi kusimama upande ule.

Kisha nikafanya la pekee lililobaki. Nilifunga gereji kwa wateja wapya, nikawapigia simu wote ambao vikaratasi vyao vilikuwa na jina langu, nikafungua kila kifuniko kwa mikono yangu, magoti yakilia. Mengine yalikuwa na mkanda mpya, mengine hayakuwa, na hayo niliyawekea kwa pesa yangu mpaka gereji ikaisha. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Wesley niliandika taarifa yake polisi, na Chumo akaandika yake, na kesi inatembea kwa mwendo wa kesi. Wakati huo huo yeye ana gereji yake mpya, yenye bango kubwa na wateja wamepanga foleni, kwa sababu bei yake ni nzuri na anaongea vizuri. Mnaompelekea magari mko humu humu mnaonisoma.

Basi, jibu lenu. Ufanye mwenyewe au umlipe fundi? Kama huna Jumamosi tatu, huna subira ya kuchomeka bolti kwenye katoni, na unadhani haraka ni akili, usiguse. Utavunja vijiko ndani ya sufuria. Kama unazo, na injini yako unaijua, fanya. Sista alifanya, na hakuwa na chochote msichonacho isipokuwa unyenyekevu wa kuuliza. Na ukimlipa fundi, simama hapo. Akikuambia nenda, usiende. Mwone akitoa mkanda wa zamani kwenye gari lako, si kwenye boksi. Mwone akiweka mpya. Fundi atakayekasirika ukimtazama, chukua ufunguo wako uondoke. Mnasimama saa nzima mkimtazama kinyozi asiwaharibie nywele, na nywele huota tena!

Pikapu ya Chumo niliijenga upya hapo hapo kwake, chini ya saipresi. Kila asubuhi Grace alimtolea kiti, akakaa mguu umenyooshwa juu ya ndoo, ananitazama. Hakuzungumza nami isipokuwa kuuliza. "Hiyo ni ya nini? Na hiyo mbona unairudisha, ni nzima?" Nilimjibu kila swali. Maswali mengine yalikuwa ya kijinga kweli, na ulimi wangu uliwasha, nikaubana kwa meno.

Siku nilipofika kwenye mkanda, nilimpa boksi likiwa bado limefungwa. Alilifungua mwenyewe, akasoma maandishi yote, akanirudishia. Nilipomaliza kuufunga na kutaka kurudisha kifuniko, alisema, "Ngoja." Akachukua magongo yake, akasimama kwa shida, akaja mpaka kwenye injini. Alimwambia Grace ammulikie tochi ya simu. Wakainama wote wawili, mume na mke ambao hawajawahi kushika spana, wakaangalia. Waliangalia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama kando, mikono ina grisi mpaka viwikoni, fundi wa miaka yote ile, nangoja.

"Sawa," Chumo akasema. "Funga sasa."